Lisbon: Tulivyoifuata Dhahabu ya Kilwa

Haya nimeyaandika nikiwa nimesharudi Dar es Salaam, kutokana na daftari la Mjomba na picha za simu yangu. Tulisafiri Oktoba 2024. Bei zote ni za wakati huo, na euro moja ilikuwa karibu shilingi 3,000.

Mjomba ni kaka wa mama yangu, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, na alifundisha historia sekondari mpaka akastaafu. Miaka yote aliwaeleza wanafunzi wake kwamba mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na merikebu zake za vita, akamlazimisha mtawala wa mji, Amir Ibrahim, kulipa ushuru wa dhahabu, na kwamba dhahabu ile mfalme wa Ureno aliitengenezea chombo cha kanisani ambacho kingalipo Lisbon. Alikieleza kwa kusoma tu, hakuwahi kukiona. Alipoanza kulalamika magoti nikaona tusingoje zaidi.

Kuhusu viza ya Schengen, inayotumika kuingia Ureno: ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima iwe ya kiasi kisichopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla, lakini usisubiri huo mwisho. Sisi hatukuwa na mwenyeji wa kutualika. Tulipeleka taarifa za benki, risiti ya gesti, barua ya mwajiri wangu na hati ya pensheni ya Mjomba, zikatosha.

Jumanne kuamkia Jumatano: njiani

Tuliondoka Dar usiku, tukashinda kwenye uwanja wa kubadilishia ndege, na ndege ya pili ikachelewa kwa saa kadhaa. Sehemu hiyo haina cha kusimulia.

Lisbon tulitua jioni. Ofisa wa uhamiaji aliomba bima, tiketi ya kurudi na anwani ya gesti. Karatasi hizo zichapishwe na zikae kwenye mkoba wa mkononi, maana begi la Mjomba halikutoka kabisa. Humo mlikuwa na dawa zake za akiba, kanzu na kofia yake ya Ijumaa. Tukajaza fomu, tukaahidiwa kwamba likipatikana litaletwa gesti.

Uwanja wa ndege uko ndani ya jiji na treni ya chini ya ardhi inafika hapo hapo. Kila mtu hununua kadi yake ya Navegante kwa senti 50, kisha anaijaza: safari moja ilikuwa euro 1.80, au euro 6.80 kwa saa 24 za treni, tramu na mabasi bila kuhesabu. Hii ya pili ndiyo ya mgeni. Unapanda mstari mwekundu, unabadilisha Alameda, unachukua wa kijani hadi Martim Moniz.

Pale Alameda tulisimama tukisoma vibao na kuulizana. Mama mmoja wa makamo aliyefunga kilemba akageuka, "Mwasema Kiswahili?" Ni mtu wa kisiwa cha Ibo, Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na lugha ya kwao na yetu zinasikilizana. Alimwamkia Mjomba shikamoo, akamnyang'anya mkoba aliokuwa nao, na badala ya kutuelekeza akageuza safari yake akatupeleka mpaka mlango wa gesti. Njiani alituonyesha mtaa wa Rua do Benformoso, wenye maduka na migahawa ya Wabangladeshi, akasema hapo tule bila wasiwasi. Tulipotaka kumlipia hata nauli alikataa. Akamwambia Mjomba, "Baba, ungenikuta Ibo ungenilipa?"

Gesti ilikuwa mtaa wa Mouraria, ghorofa ya tatu bila lifti, vyumba viwili vidogo, euro 48 kila kimoja kwa usiku. Juu ya hapo jiji hutoza euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, hulipwa kwa mwenye nyumba. Mwenye mzazi mgonjwa wa miguu aulize habari ya ngazi kabla ya kulipa, kwa sababu nyumba nyingi za zamani hapa hazina lifti.

Alhamisi: Rossio na ukingo wa mto

Barabara za katikati ya Lisbon zimetandikwa vijiwe vyeupe na vyeusi vilivyopangwa kwa mikono. Uwanja wa Rossio umechorwa mawimbi, na ukiutazama kwa muda unahisi sakafu inayumba. Vinapendeza, ila vikilowa vinateleza. Mjomba alinishika mkono asubuhi yote. Vaa viatu vyenye soli ya mpira.

Pembeni ya Rossio kuna uwanja mdogo wa São Domingos. Waafrika wa Guinea-Bissau hukaa hapo mchana kutwa wakiongea, wengine wakiuza karanga na nguo. Tulisalimiana kwa kuinua mikono. Katikati pana jiwe la ukumbusho lenye nyota ya Daudi, lililowekwa mwaka 2008. Mwezi Aprili 1506, Wayahudi waliokuwa wamelazimishwa kubatizwa miaka michache kabla waliuawa na umati kuanzia kanisa la São Domingos lililopo hapo. Inakadiriwa walikufa watu 2,000 au zaidi. Mjomba aliuandika mwaka huo kwenye daftari na kuupigia mstari, na sababu yake niliielewa Jumapili. Kanisa lenyewe liliungua mwaka 1959, na nguzo zake zimeachwa vilevile, zimebabuka na kumeguka. Ingieni, hakuna kiingilio, na mimi sijaona kanisa lenye uzito kama ule.

Tukashuka mpaka Terreiro do Paço, uwanja mpana uliofunguka upande wa mto Tejo, majengo ya manjano yenye matao pande tatu. Hapa palikuwa na kasri la mfalme Manuel wa Kwanza, na karibu yake Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara ya ng'ambo. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, ardhi ilitetemeka. Walionusurika wengi walikimbilia hapa ukingoni kukwepa kuta zinazoanguka. Maji yakarudi nyuma, kisha yakaja kwa mawimbi. Moto ukamaliza kilichobaki kwa siku kadhaa. Kasri likaangamia, na Casa da Índia pamoja na makaratasi yake. Waziri wa mfalme, anayejulikana kwa cheo chake cha Marquês de Pombal, ndiye aliyesimamia ujenzi mpya: barabara zilizonyooka za mtaa wa Baixa, na nyumba zenye fremu za mbao ndani ya kuta ili zihimili mtetemeko.

Mjomba alikaa kwenye ngazi zinazoingia mtoni. "Madaftari ya hesabu yetu yalikuwa hapa," akasema. "Mengi tungeyasoma."

Chakula cha mchana tulikula kwenye mgahawa mdogo wa nyuma ya Baixa: bacalhau, samaki mkavu wa chumvi anayerowekwa kisha kupikwa kwa viazi na vitunguu. Mjomba alionja akatabasamu, akasema ni papa wa Kivinje aliyekwenda shule. Mlo wa watu wawili, maji na kahawa ukafika euro 27. Mkate na zeituni zinazowekwa mezani kabla hujaagiza si zawadi, zitaingia kwenye bili. Usipozitaka, sema mapema zirudishwe, hawachukii. Asiyekula nguruwe aseme "sem porco" hata kwa supu ya mboga, kwa sababu ile ya kijani inayoitwa caldo verde huwekwa vipande vya soseji. Maji ya bombani ni salama.

Usiku begi likaletwa, zima, na kanzu ndani.

Ijumaa: tramu, Alfama, msikitini

Tramu namba 28 huanzia Martim Moniz. Tulipanda kabla ya saa mbili asubuhi tukapata viti. Mchana foleni huzunguka uwanja na wezi wa mifukoni huipenda. Kwa kadi ya saa 24 huongezi kitu, ukilipa kwa dereva ni zaidi ya euro 3. Ni behewa moja la mbao linalopanda vilima likipita karibu sana na kuta za nyumba, kiasi kwamba dirishani unaona sufuria jikoni kwa mtu.

Tulishuka Portas do Sol kuitazama Alfama kutoka juu. Mtaa huu kwa sehemu kubwa ulinusurika mwaka 1755, ndiyo maana vichochoro vyake bado vinajikunja bila mpango, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya wapita njia, milango mifupi. Kabla ya mfalme Afonso Henriques kuuteka mji mwaka 1147, Lisbon ilikuwa chini ya Waislamu kwa karne kadhaa, na wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya msikiti chini ya kanisa kuu. Mjomba alitaka kuzunguka vichochoro vyote. Magoti yakakubali nusu.

Swala ya Ijumaa tuliswali Msikiti Mkuu, karibu na kituo cha Praça de Espanha. Ulifunguliwa mwaka 1985, na waanzilishi wake wengi walikuwa Waislamu wenye asili ya India waliotokea Msumbiji. Sehemu ya wanawake ni safi na pana. Baada ya swala mzee mmoja aliyezaliwa kisiwa cha Msumbiji alimsogelea Mjomba kwa sababu ya kofia yake, maana aliitambua ni ya mkono wa kwetu. Walikaa uani wakizungumza kwa Kiingereza cha kuungaunga na majina ya bandari: Pemba, Mtwara, Lindi, Kilwa, Angoche. Kabla ya kuagana akatuita nyumbani kwake kula, nasi tukashindwa kukataa. Tulikula wali wa nazi na kamba wa kukaanga, tukarudishwa gesti kwa gari la mwanawe saa nne usiku.

Jumamosi: Belém

Tramu 15 kutoka Praça da Figueira hufika Belém kwa karibu nusu saa ikiwa njia haina msongamano. Ilikuwa na msongamano.

Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500, kwa sehemu kubwa kwa ushuru wa asilimia tano uliotozwa bidhaa za Afrika na Asia. Ukilijua hilo unaitazama kwa jicho jingine. Nguzo zake zimechongwa kamba za merikebu, majani, viumbe vya baharini, na mawe yale ya chokaa hubadilika rangi jua linaposogea. Foleni ya kuingia ua wa ndani ilikuwa ndefu kupita uwezo wa Mjomba kusimama, tukaiacha. Kanisani kuna foleni nyingine, fupi, na tuliingia bure. Ukipita mlango tu, kushoto kuna kaburi la Vasco da Gama, kulia la mshairi Camões.

Vasco da Gama amechongwa amelala, mikono ameikutanisha kama mtu anayeomba. Alifia Cochin, India, Desemba 1524, na mabaki yake yaliletwa hapa karne ya 19. Watalii walikuwa wanapiga picha na kupita. Mjomba alisimama hapo muda mrefu, nami nikamngoja. Baadaye tukiwa benchi la nje aliniambia kwamba alikuwa anajaribu kumwona kijana wa Kilwa aliyekuwa pwani siku ile ya Julai 1502, anaziona tanga zinakuja, na hajui bado. "Hata Malindi waliompokea vizuri mwaka 1498 hawakujua," akasema. Msalaba ulio juu ya nguzo ya Vasco da Gama kule Malindi ni wa jiwe la chokaa la huku huku Lisbon, na nilipogusa ukuta wa monasteri nililikumbuka.

Mnara wa Belém tuliutazama kwa nje tu. Lile sanamu kubwa la mabaharia kando ya mto, Padrão dos Descobrimentos, ni la mwaka 1960, halina hata umri wa Mjomba. Chini yake pana ramani ya dunia ya mawe, zawadi ya serikali ya Afrika Kusini ya wakati huo wa ubaguzi. Watoto wa Kireno walikuwa wanakimbizana juu ya Bahari ya Hindi.

Vikeki vya maziwa na mayai vya Belém, vinavyouzwa na duka la tangu 1837, vinastahili sifa zake: zaidi kidogo ya euro moja kimoja, moto, na mdalasini wa kunyunyiza upo mezani. Foleni ya kuchukua na kuondoka huenda haraka.

Jumapili: chombo chenyewe

Jumba la Taifa la Sanaa za Kale, Museu Nacional de Arte Antiga, liko Rua das Janelas Verdes. Basi 714 kutoka Praça da Figueira hupita hapo. Hufungwa Jumatatu. Kiingilio kilikuwa euro 10, na mwenye miaka 65 na zaidi hulipa nusu akionyesha pasipoti. Ule utaratibu wa kuingia bure ni wa wakaazi wa Ureno, mgeni asiutegemee.

Tulipita picha kubwa za mchoraji Nuno Gonçalves na zile skrini za Kijapani zinazoonyesha Wareno wakishuka bandarini na suruali zao zilizotuna, na siku nyingine ningeziandikia ukurasa mzima. Leo Mjomba alikuwa na haraka.

Custódia de Belém, ndiyo chombo chetu, imewekwa kwenye kabati la kioo, na taa imeelekezwa juu yake. Ina urefu wa sentimita 73, yote dhahabu, iliyotiwa rangi za enameli. Katikati kuna silinda ya kioo ya kuwekea mkate mtakatifu, na mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka, kila mmoja na sura yake na mikunjo ya nguo yake. Juu yao ananing'inia njiwa mdogo. Kileleni yumo Mungu Baba ameshika tufe. Kwenye shina kuna tufe za pete, alama ya mfalme Manuel, na kitako kimejaa ndege, maua, matunda na konokono. Ufundi wake huhusishwa na mfua dhahabu Gil Vicente. Ni kazi nzuri mno. Naisema bila kinyongo, na Mjomba ndiye aliyenitangulia kuisema.

Kuzunguka kitako kuna mstari wa herufi. Mjomba aliinama na miwani yake, akawa anasogea polepole kufuata maandishi. Mlinzi, mwanamke wa umri wangu, alitutazama, akaondoka. Nikadhani anakwenda kuita mtu. Akarudi na kiti cha kukunja, akakiweka chini, akamwelekeza Mjomba akae, kisha kwa kidole akatuonyesha neno linapoanzia. Maandishi yanasema mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya ushuru wa Kilwa, kikamalizika mwaka 1506. Jina limechongwa QILVA.

"Wameandika wenyewe," Mjomba akasema. "Mwanangu, piga picha hapa. Piga nyingi."

Nikapiga, bila mwanga kama sheria yao inavyotaka. Wakati huo wanafunzi wawili kutoka Brazili walikuwa wamesimama nyuma yetu, wakauliza tumeona nini. Mjomba akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya darasani, nami nikatafsiri kwa Kiingereza. Akawaeleza Kilwa Kisiwani: msikiti mkuu wenye kuba, kasri la Husuni Kubwa juu ya mwamba wa bahari, sarafu zake yenyewe, Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331 na kuusifu mji. Akawaeleza kwamba dhahabu ilitoka bara, mikononi mwa wachimbaji wa nyanda za Zimbabwe, ikashuka bandari ya Sofala, na Kilwa ikaisimamia kwa vizazi. Akawaeleza kwamba ushuru haukuinunulia Kilwa amani: Julai 1505 Francisco de Almeida alikuja na kundi la merikebu, akauteka mji na kujenga ngome, na mwezi uliofuata Mombasa ikachomwa moto. Wareno waliiacha Kilwa mwaka 1512, lakini biashara ilikuwa imeshavurugika. Watu wengine wakasogea. Mlinzi naye alikuja kusikiliza, akaniuliza niseme tena habari ya Sofala ili aikumbuke.

Kisha Mjomba akarudi kwenye daftari lake, kwenye ule mstari wa Alhamisi. Mwaka 1506 mafundi walikuwa wanakamilisha mitume hawa, na mwaka huo huo, mwendo wa nusu saa kutoka hapa, watu walikuwa wanaburutwa São Domingos. Wabrazili wale walikuwa hawajalisikia jambo hilo. Mmoja aliandika jina la kanisa kwenye simu yake, akasema watakwenda jioni.

Maelezo ya jumba yanaitaja Kilwa kama chimbuko la dhahabu, hayaelezi Kilwa ni nini. Nilimwandikia msimamizi wa makusanyo nilipofika nyumbani, kwa heshima, nikiomba mistari michache iongezwe. Naamini wakiandikiwa na wengi wataongeza.

Kurudi tulikata kwa miguu kupitia Rua do Poço dos Negros. Mwaka 1515 mfalme huyo huyo Manuel aliagiza lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, kwa kuwa zilikuwa zinaachwa juu ya ardhi na kuliwa na mbwa. Leo ni barabara ya mikahawa na maduka ya nguo. Tulisoma Fatiha tukaendelea.

Jumatatu: kivuko, kisha uwanja wa ndege

Jumba limefungwa, ndege ni ya usiku, kwa hiyo tulivuka mto kwa kivuko kutoka Cais do Sodré hadi Cacilhas. Nauli haifiki hata euro 2, na jiji lote unaliona likipanda vilima. Tulikula samaki wa kuchoma pale ng'ambo kwa euro 11 kila mmoja, tukarudi kuchukua mizigo. Mwenye gesti alikataa kutudai pesa ya kuhifadhi mabegi.

Ukiacha ndege, viza na gesti, tulitumia chini ya euro 100 kwa siku kwa watu wawili kwa chakula, usafiri na viingilio, na mialiko ilitupunguzia sana. Mwezi Oktoba joto linavumilika, ila beba mwavuli.

Picha za maandishi ya kitako ninazo na herufi zinasomeka. Mwalimu yeyote wa Kilwa, Kivinje au Masoko, akizitaka nitamtumia, na Mjomba yuko tayari kuja darasani kuzieleza kwa nauli yake mwenyewe.